Likizo ya Unguja na Kiswahili cha Buyenzi

Katika mkutano wa walimu wa Kiswahili uliofanyika karibuni hapa Musaga, jambo lililochukua muda mrefu kuliko yote halikuwa vitabu, ambavyo hatuna, wala mtaala, ambao kila mmoja wetu ana nakala yake yenye kurasa pungufu. Lilikuwa likizo. Wenzetu walitoa shauri kwamba mchango wa wanachama, uliokusanywa tangu mwanzo wa mwaka wa masomo, utumike kuwapeleka walimu kumi na wawili Unguja mwezi wa Julai: wapande ndege hapa Bujumbura, washuke Dar es Salaam baada ya muda wa saa mbili hivi, wapande nyingine ya dakika ishirini, na jioni ile ile wawe wamekanyaga mchanga wa Nungwi. Picha za hoteli zilipitishwa kutoka mkono hadi mkono. Twakiri kwamba nasi tulizitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Safari hiyo imepewa jina la "safari ya lugha", na jina hilo ndilo tunalolipinga. Lau wenzetu wangeiita likizo, tusingekuwa na neno. Mwalimu huchoka kama mtu mwingine yeyote, naye ana haki ya kuogelea baharini kama anazo fedha zake mwenyewe. Lakini maadamu fedha ni za chama cha lugha, na maadamu safari imevishwa joho la elimu, hatuna budi kuuliza: hao kumi na wawili watasikia Kiswahili gani huko waendako, na watatuletea nini?

Yuko mwenzetu mmoja aliyekwisha kwenda kwa njia hiyo hiyo. Alikaa siku sita. Alipofika mlangoni mwa hoteli kijana mmoja alimwambia "Jambo!", naye akajibu kwa Kifaransa, kwa kuwa, kama alivyotueleza, alidhani kwamba mahali pazuri vile hapasemwi Kiswahili. Kijana yule akaita mtu wa kumfasiria. Ikawa Mrundi, mwalimu wa Kiswahili, amesimama katika ardhi ya Unguja, akitafsiriwa kwa Kiingereza na kijana ambaye baadaye ilidhihirika kuwa ni mtu wa Mwanza. Tulicheka sana siku ile, na mwenyewe alicheka pamoja nasi. Leo hatucheki, maana shauri lililo mezani ni kulirudia jambo lile mara kumi na mbili.

Hatuwalaumu Waunguja. Bei ya karafuu ilipoanguka, kisiwa hakikuwa na budi kutafuta riziki nyingine, na tangu miaka ya 1980 milango ikafunguliwa kwa wenye mitaji ya hoteli. Mwaka 2024 walifika huko wageni zaidi ya 700,000, ilhali wenyeji wote wa Unguja na Pemba, kwa sensa ya mwaka 2022, hawakutimia milioni mbili. Nchi inayopokea wageni kwa wingi huo hujitengenezea lugha ya mlangoni. "Jambo" ni neno la mlangoni. Mwenyeji hamwamkii mwenzake hivyo. Humwuliza hujambo, humpa shikamoo aliye mkubwa wake, huuliza za nyumbani, za watoto, za tangu juzi, wala hafiki kwenye shida iliyomleta kabla ya kuzimaliza hizo. Kiwengwa mgeni atasikia Kiitalia, Paje atasikia Kiingereza cha namna nyingi. Na wanaomhudumia mezani, aghalabu, ni vijana waliovuka kutoka bara au Kenya kutafuta kazi kama yeye alivyovuka kutafuta lugha. Mwalimu wetu atakuwa amesafiri hadi chimbuko la Kiswahili sanifu akafundishwe na mtu wa bara mwenzake.

Tena wenzetu wamesahau, au hawakupata kuambiwa, kwamba Unguja si lugha moja. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini. Nungwi wanakotaka kwenda ni upande wa Kitumbatu. Paje na Jambiani zinaelekea Makunduchi, ambako wazee husema Kikae, na huyo anayesema Kikae akiamua kusema kwa haraka, mwalimu wa Musaga mwenye stashahada yake atabaki amekodoa macho. Sisi tungefurahi sana kama mwalimu huyo angekodoa macho. Angejifunza kwamba mzee wa Makunduchi haoni haya kwa lugha yake kwa sababu tu haimo kitabuni. Lakini mpango ulioletwa hauna Makunduchi ndani yake, ingawa Mwaka Kogwa huadhimishwa kule mwezi huo huo wa Julai. Una kuogelea na pomboo.

Hapa ndipo tunapofika penye kiini cha ugomvi wetu. Alisimama mwenzetu mmoja, mtu tunayemheshimu, akasema: "Lazima twende Unguja, maana hapa kwetu hakuna Kiswahili, kuna kile cha Buyenzi tu." Darasa zima likacheka. Kicheko kile ndicho kilichotufanya tuandike.

Kila Mrundi anajua neno "Mswahili" limefanywa nini katika nchi hii. Mtu akidanganya sokoni huitwa Mswahili. Fundi akila malipo ya awali asirudi, ni Mswahili. Mtoto akisema maneno mengi mbele ya wakubwa huambiwa aache Uswahili. Tusi hilo lilianza kabla yetu, na sababu zake ni nyingi: Waswahili walikuwa watu wa mjini katika nchi ya watu wa milimani, Waislamu katika nchi ya misheni, wachuuzi katika nchi iliyosifu ng'ombe na jembe. Tena kumbukumbu ya misafara haikuwa tamu. Rumaliza wa Ujiji aliwahi kujaribu kuingia Burundi kwa nguvu, na watu wa Mwezi Gisabo wakamrudisha. Wakoloni nao wakawatenga Waswahili katika mitaa yao, wakiwaona watu wasio na kabila wala chifu. Hayo yote twayajua. Lakini ni ajabu isiyo kifani kwamba mwalimu wa Kiswahili, anayekula mkate wake kwa lugha hii, alichukue tusi hilo alipambe kwa maneno ya kitaalamu, kisha aombe nauli ya ndege.

Na tuangalie historia, kwani imo upande wa Buyenzi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, ukakiacha Kimvita chenye hazina kubwa ya mashairi, sababu mojawapo iliyokuwa na uzito ilikuwa kwamba Kiunguja kilikwisha enea bara. Nani alikieneza? Si maprofesa. Ni wapagazi, askari, wachuuzi, wake zao na watoto wao, katika njia ile ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, na kutoka Ujiji kwa mitumbwi hadi Rumonge, Uvira na Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Katika watu hao na wajukuu wao, pamoja na Wamanyema waliovuka kutoka Kongo, ndimo walimotoka watu wa Buyenzi. Kwa maneno mengine, Kiunguja kilipewa kiti kwa sababu mababu wa Buyenzi walikuwa wamekwisha kukibeba vichwani. Leo mwalimu anakicheka Kiswahili cha Buyenzi kwa jina la kile cha Unguja. Ni kama mtu anayemsifu mfalme huku akiwatukana waliombeba machelani.

Wenzetu watatujibu kwamba Buyenzi husemwa "niko nakwenda" badala ya "ninakwenda", na "katoto" badala ya "kitoto". Ni kweli, na mwanafunzi akiyaandika hayo katika mtihani tutamsahihisha, kama mwalimu wa Makunduchi anavyomsahihisha wake. Lakini sarufi ya mtihani ni sehemu ndogo ya lugha. Mwanafunzi wetu hapa Musaga husoma Kiswahili kama asomavyo jiometri: anajua ngeli ya ki-vi, anajua wakati uliopo na uliopita, na hajapata kumsikia mtu akigombana kwa Kiswahili, wala akibembeleza mtoto, wala akipunguziwa bei. Vyote hivyo vimo Buyenzi, katika mji huu huu, kwa nauli ya basi. Tumekwisha kujaribu. Mwaka jana tuliwapeleka wanafunzi wetu ishirini wakae asubuhi moja na mama wauza vitambaa na mafundi wa magari, kila mmoja na daftari lake, waandike maneno ambayo hawakuyajua. Mwanafunzi mmoja ambaye kwa miaka miwili hakuwa amefungua kinywa darasani alirudi amechelewa, amepata rafiki, na siku iliyofuata akatuuliza swali kwa Kiswahili bila kuinua mkono. Wazazi wawili walikuja kulalamika kwamba tumewapeleka watoto wao kwa Waswahili. Tuliwajibu kwamba ndivyo ilivyo katika ratiba.

Tuongeze jambo jingine ambalo huenda wengine wangependa tulinyamazie. Katika vita vilivyoanza mwaka 1993, mitaa mingi ya mji huu iligawanyika, watu wakahama kila mmoja kuelekea kwa wenzake. Sisi wa Musaga tunalijua hilo bila kusimuliwa. Buyenzi ilisifika kwa kubaki mtaa wa watu mchanganyiko. Hatudai kwamba ni Kiswahili peke yake kilichofanya hivyo. Twasema tu kwamba lugha ya mtaa ule haistahili kuchekwa katika darasa la Musaga.

Methali ya Kirundi yasema: "Akanyoni katagurutse ntikamenya iyo bweze", yaani kindege kisichoruka hakijui mtama umeiva wapi. Ilitajwa mkutanoni dhidi yetu, na tunaikubali. Hatujasema watu wasisafiri. Unguja ina mambo ambayo mwalimu wa Kiswahili angefaidika nayo akiyaona: Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinafundisha lugha hii kwa wageni, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake kisiwani humo, na Burundi, iliyoingia katika Jumuiya mwaka 2007, ina haki ya kubisha hodi pale kama nchi nyingine yoyote. Mji Mkongwe umo katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na ukitaka kujua maana ya kuchelewa, katazame Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililoanguka sehemu yake Desemba 2020. Mambo hayo yako mjini, mbali na Nungwi, na aliyepanga chumba Ng'ambo, katika nyumba ya watu, atayapata pamoja na ugomvi wa majirani usiku, ambao ni somo zuri kuliko yote.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Waende walimu wanne, si kumi na wawili. Wasipande ndege. Washike barabara ya ziwa, wapite Rumonge na Nyanza-Lac, wavuke mpaka kuingia Manyovu, washuke Kigoma. Walale Ujiji siku mbili, waulize wazee wa pale kuhusu jamaa zao wa Buyenzi. Watapata majibu, na huenda wakapata na salamu za kubeba. Kisha wapande treni, zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam, ndani ya behewa la watu wanaokula, wanaobishana na kuuziana miwa dirishani, wakisikia jinsi lugha inavyobadilika sauti kutoka Uvinza hadi Tabora hadi Morogoro. Wavuke kwa boti, saa mbili hivi, wafikie mjini Unguja wakiwa wageni wenye habari ya kusimulia. Mtalii hulipa apate kutazama. Mgeni huulizwa atokako, na hapo ndipo mazungumzo huanza. Tunajua safari hii inachosha. Tunajua pia kwamba dola hazipatikani kwa urahisi hapa kwetu, na kwamba anayezitaka upesi huzinunua mtaani kwa bei ya kuumiza. Hoteli za pwani zilizoea kudai dola, ilhali behewa la treni na chumba cha Ng'ambo hulipwa kwa shilingi.

Kitakachobaki kinunue vitabu. Shule yetu ina nakala moja ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotoka mwaka 1981, nayo imepoteza herufi zote baada ya U. Watoto wetu hawana mahali pa kutafuta neno "zawadi".

Mkutano wa kupiga kura utakuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, katika darasa lile lile. Tumekwisha kumwandikia mweka hazina kwamba majina yetu yaondolewe katika orodha ya ndege, na tumewaalika wazee wawili wa Buyenzi waje kusikiliza. Wamekubali. Mmoja ametuuliza kama mkutano utaendeshwa kwa Kiswahili au kwa Kifaransa.