Mbwa mdogo alishafahamu, sasa anarudilia kukojoa ndani



Tangu masomo yalipofunguliwa mwezi wa Septemba, nimeulizwa swali moja katika mikutano yetu ya siku ya posho mara nyingi kuliko hata lile la buletini za watoto. Linakuja hivi: tulichukua mtoto wa mbwa wakati wa likizo, alijifunza vizuri kwenda nje, watu wote wakamsifu, na sasa mvua imeanza anakojoa katikati ya saloni kama vile hatukumfundisha kitu. Mama mmoja wa Kasulo alinieleza kwamba mume wake amekwisha kutoa tarehe. Mpaka mwisho wa mwezi, ao mbwa anakuwa safi, ao anatoka lupango. Watoto wanalia, na mama yuko katikati, ana kitambaa cha kupangusa mkononi.

Najua wengine watasema: Mwalimu, tuna shida za makala, za maji, za minerval ya sekondari, na wewe unatuandikia juu ya mbwa? Ndiyo. Kwa sababu nyumba nyingi hapa Kolwezi hazikumchukua mbwa kwa kuchezea. Baba anafanya zamu ya usiku kwenye mgodi, mama anabaki na watoto, na ukuta wa lupango hauzuii mwizi aliyeamua. Mbwa ndiye anayeamsha watu. Halafu mbwa anayetupwa haendi mbali. Anabaki palepale, kati ya soko na njia ya masomo, anakula takataka, hana chanjo, na wanaopita karibu naye kila asubuhi ni watoto wetu. Katika watu 10 wanaoumwa na mbwa anayedhaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wasiofikia miaka 15. Kwa hiyo mkojo wa saloni ni jambo dogo lenye mkia mrefu.

Tuanze na mwili wake. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kuzuia mkojo zaidi ya saa mbili hivi, ao tatu. Wa miezi mitatu, saa tatu ao nne. Wengi wanapata nguvu kamili ya kujizuia kati ya miezi minne na sita, na wengine wanachelewa. Anahitaji kutoka akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kabla ya watu kulala. Usiku vilevile, mara moja, kama angali mdogo sana.

Sasa chukueni kalamu tufanye hesabu ya kalasi ya tatu. Wakati wa likizo nyumba ilijaa watoto. Kila saa kulikuwa mtu wa kufungua mlango, na mbwa alitoka mara kumi kwa siku bila mtu kupanga. Ndiyo maana alionekana amejua. Septemba, watoto wanatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mama anaenda soko ao shambani, baba amelala kwa sababu alifanya usiku. Mbwa anafungiwa jikoni mpaka saa saba ya mchana. Hizo ni zaidi ya saa sita. Mwili wake una uwezo wa saa nne. Zile mbili zinazobaki zinamwangukia wapi? Kwenye balatumu. Hakusahau kitu. Saa za nyumba zimebadilika, na hakuna aliyemweleza.

Yule mama wa Kasulo nilimwomba afanye kazi moja tu kwa siku tano: kuchukua daftari na kuandika saa ya kila mkojo uliopatikana ndani, na mahali pake. Mtoto wake mkubwa ndiye aliyeshika daftari. Karibu yote ilianguka kati ya saa tatu na saa sita za asubuhi, na karibu yote ilikuwa pembeni ya mlango wa nyuma. Angalieni vizuri: pembeni ya mlango. Mbwa alikwenda hadi mlangoni, akangoja, hakuna aliyefungua. Huyo ni mwanafunzi mzuri ambaye mwalimu hakuwa kwenye kalasi.

Dawa yao haikuwa ya kununua. Masomo mengi hapa, tangu elimu ya msingi ilipokuwa bila malipo mwaka 2019, yanagawanya watoto: wengine asubuhi, wengine mchana. Katika nyumba ile mmoja anasoma asubuhi, mwingine mchana. Yule wa mchana akawekwa kuwa kapita wa mbwa: saa tatu anamtoa, saa tano anamtoa tena. Kapita ana kazi yake na anaitolea ripoti jioni. Baba aliposoma daftari, ambalo sasa lilikuwa na mikojo miwili tu kwa wiki nzima, aliongeza mwezi mmoja. Hakusema mengi zaidi, lakini nasikia ameanza kumwita mbwa kwa jina.

Kama nyumbani kwako hakuna mtoto wa mchana, ongea na jirani unayemwamini, hata kwa zamu ya kulipana kazi kama tunavyofanya kwenye likelemba. Ikishindikana, heri mbwa abaki nje katika kona yenye kivuli, maji safi na mahali pa kujificha mvua, kuliko kumfungia jikoni saa sita. Usimfunge kamba fupi kutwa nzima. Mbwa wa namna hiyo analala juu ya uchafu wake mwenyewe, na akizoea hivyo, kumfundisha usafi kunakuwa kazi ngumu kweli.

Halafu kuna mvua. Hapa kwetu mbwa aliyezaliwa mwezi wa sita ao wa saba amejifunza kila kitu juu ya vumbi kavu. Miguu yake haijui matope. Siku moja mbingu inapasuka, mabati yanapiga kelele, radi inaanguka upande wa Musonoie, na mnamsukuma nje kwa mguu mkisema nenda ukojoe. Anasimama chini ya dirisha anatetemeka, mnafungua mlango mkimhurumia, anaingia, anakojoa kwenye tapi. Hata mimi ningefanya hivyo kama ningekuwa yeye.

Mtengenezee kona moja isiyobadilika. Chini ya mwisho wa barza, ao kipande cha bati juu ya miti minne, na chini yake mchanga ao udongo mkavu. Chukua kitambaa kilichopangusa mkojo wake, kisugue pale mara ya kwanza, pua yake itamwambia kazi ya mahali hapo ni nini. Mvua ikinyesha, toka naye wewe mwenyewe na mwavuli, simama, nyamaza, ngoja. Akimaliza, palepale, kabla hajapiga hatua tatu, mpe kichwa cha ndakala ao tonge dogo la bukari na umsifu. Ukingoja mpaka mrudi ndani ndipo umpe, amejifunza kwamba kuingia ndani ndiko kunakolipwa. Wamama wengi wanakosea hapa na hawajui kwa nini haifanyi kazi. Tena usimrudishe ndani mbio sekunde ile ile aliyomaliza, la sivyo, mbwa anayependa kukaa nje atajifunza kujizuia ili atembee zaidi.

Sasa niseme juu ya fimbo, na juu ya ile desturi ya kumshika shingo na kumpaka pua kwenye mkojo. Naiona kila mahali, hata kwa watu waliosoma. Nimefundisha watoto zaidi ya miaka kumi na sijaona mtoto aliyeelewa kwa nini anapigwa saa mbili baada ya kosa. Mbwa ni zaidi. Ukimpiga mkirudi kutoka soko, anaunganisha fimbo na kurudi kwako. Mnasema "lakini anajua amekosa, angalia anavyoshusha masikio". Anashusha masikio kwa sababu uso wako na sauti yako vinamwogopesha. Na tunda la fimbo linaonekana haraka: mbwa anaacha kukojoa mbele yenu. Mnafurahi. Wiki moja baadaye harufu inatoka nyuma ya kanape na chini ya kitanda cha watoto, kwa sababu amejifunza kujificha. Tena sasa hawezi kukojoa nje mkiwa mmesimama karibu, na hamwezi kumsifu. Mmejifungia mlango wenyewe.

Ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi mara moja, mchukue mikononi, mpeleke kwenye kona yake. Akimalizia huko, msifu. Ukikuta mkojo umekwisha kupoa, pangusa na kaa kimya.

Na kupangusa kwenyewe. Maji tunayanunua kwa bido, najua, na hakuna anayependa kumaliza bido ya litre 20 juu ya mbwa. Lakini harufu ikibaki, mbwa anairudilia. Anza kwa kukausha mkojo na kitambaa kikavu, usianze na maji, maji yanautawanya. Halafu maji ya sabuni, kidogo tu, halafu vinegre iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, uache pakauke. Javeli usiimwage juu ya mkojo. Vikikutana vinatoa hewa inayochoma macho na kifua, na katika chumba kidogo chenye mtoto mchanga hilo si la kuchezea. Tena usichanganye javeli na vinegre kamwe, hewa inayotoka hapo ni sumu. Kama una balatumu, inua ukingo uangalie chini yake: mara nyingi mkojo umeingia pale na mnasugua juu bure. Matela inataka jua la siku nzima, na mwezi huu jua la siku nzima ni la kuvizia.

Kuna kurudi nyuma kwingine ambako si kwa saa wala kwa mvua. Mbwa aliyekuwa safi kwa wiki nyingi anaanza ghafla kukojoa mara kwa mara, matone madogo, analia akikojoa, ao mkojo una damu. Huyo ni mgonjwa, mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Mbwa mdogo anayeharisha damu na kutapika na kukataa kula asingoje mpaka siku ya kwanza ofisi zifunguliwe. Ugonjwa wa parvo unaua watoto wa mbwa kwa siku chache, na usafi wa nyumba hauna maana tena hapo.

Minyoo nayo inaharibu tumbo, na hii inatugusa sisi zaidi. Minyoo ya mbwa inapita kwenye mavi yake mpaka udongo wa lupango, na aina moja inaingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mguu mtupu. Watoto wetu wanacheza pieds nus, hamwezi kuwazuia. Basi okoteni mavi kwa jembe kila siku, muyatupe kwenye choo ao muyafukie mbali na kisima, na mikono inawiwe kwa sabuni. Dawa ya minyoo mtoto wa mbwa anaipata akiwa mdogo kabisa, tangu wiki mbili, na kurudiliwa kila baada ya wiki mbili mpaka wiki 12. Akifika miezi mitatu, chanjo ya kichaa. Vikundi vinavyoweza kukusanya mbwa wa avenue moja na kumwita daktari siku moja vitaona gharama ya safari yake inagawanyika. Na mtoto akiumwa na mbwa yeyote, hata huyu mdogo wa nyumbani, osheni kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, halafu kituo cha afya siku ile ile. Msipake unga wala mafuta.

Mbwa dume akikaribia miezi sita, mtamwona anainua mguu kwenye kona ya kabati. Hapo anaweka alama yake, kibofu hakijajaa. Pangusa vizuri, mfungie milango ya vyumba, mwache azunguke na kapita wake. Kumhasi kunapunguza, muulizeni daktari.

Swali la mwisho lilitoka kwa mama wa Mutoshi. Mbwa wake ni safi mchana kutwa, lakini kila baba akiingia jioni, anamkimbilia, analala chini na kukojoa kwenye viatu vyake. Baba anaona ni dharau. Mama, mweleze baba kwamba kwa mbwa mdogo hiyo ndiyo heshima: anasema "wewe ni mkubwa, mimi ni mdogo". Baba akiingia, asimwangalie usoni, asimwinamie, asiseme naye kwa sauti. Apite, aketi, avue viatu, na baada ya dakika tano amwite taratibu akiwa amechuchumaa, kule nje. Wengi wanaacha wenyewe wakikua. Kwa sasa, viatu vya kazi vibaki barza.