Jikoni Kwetu: Kisu Butu Ndicho Kikatacho Vidole

Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya chombo ambacho twakishika kila siku lakini hatukijali: kile kisu kidogo cha kumenyea. Sufuria twazisugua mpaka zing'ae. Kisu kidogo twakitupa kapuni pamoja na vijiko, watoto wanachongea penseli, na siku kinapokataa kupita kwenye nyanya twakikandamiza kwa nguvu zaidi.

Iko desturi moja katika nyumba nyingi ambayo yafaa isemwe wazi. Binti anapoanza kujifunza kupika, au msichana mgeni anapokuja kutusaidia kazi, hupewa kisu kilicho butu kuliko vyote, "asije akajikata." Nia ni njema, lakini mambo huwa kinyume. Kisu kikali huingia kwenye kiazi kwa kuguswa tu, na mkono hukiongoza polepole. Kisu butu hakiingii. Humlazimu mtoto akandamize, na akikandamiza huteleza ghafla juu ya ganda na kuishia kwenye kidole gumba au kiganja, kikiwa na nguvu zote za mkono nyuma yake. Kwa hiyo mtoto anayejifunza apewe kisu kidogo, chepesi na kikali, aketi karibu na mtu mzima, aanze na vitu laini kama tango au ndizi mbivu. Kisu cha kumfichia ni kile kikubwa cha nyama.

Basi tukienda sokoni tutazame nini? Kwanza urefu. Bapa la kisu cha kumenyea lisizidi sana upana wa kiganja, yaani sentimeta 8 hadi 10. Likiwa refu zaidi, macho hufuata chakula na ncha huenda inakotaka yenyewe. Kisha mpini. Tukishike pale pale dukani kama tunavyoshika tukimenya kiazi, maana mpini unaopendeza machoni waweza kuwa mwembamba mno kwa mkono uliolowa. Chuma kiwe kimeingia ndani sana ya mpini, ikiwezekana mpaka mwisho, na kushikwa kwa misumari miwili au mitatu. Mpini wenye ufa tuuache, kwa kuwa uchafu huingia humo na hautoki kwa kuosha.

Vile visu vyenye meno kama msumeno hukata mkate na nyanya vizuri, hatukatai. Lakini humenya vibaya, na vikiisha makali ni vigumu kuvinoa nyumbani.

Kuhusu chuma chenyewe, kipo cha namna mbili. Cha kawaida, kama cha visu ambavyo wahunzi wetu hufua kutokana na springi za magari mabovu, hushika kutu na kuwa cheusi kwa utomvu wa ndizi au maji ya ndimu. Hata hivyo hunoleka upesi na makali yake ni mazuri sana. Anayekitumia hana budi kukifuta na kukikausha mara amalizapo, na kukipaka mafuta kidogo ya kupikia kama hatakitumia kwa siku kadhaa. Namna ya pili ni chuma kisichoshika kutu kwa urahisi. Hiki kilipata umaarufu kuanzia mwaka 1913 huko Sheffield, Uingereza, mji wa mafundi visu, ambako Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Aligundua kwamba chuma kilichochanganywa na kromi hakikuharibika kama kingine, akaona kingefaa kwa visu. Mwanzoni mafundi wa mji huo walimdhihaki kwamba amebuni visu visivyokata. Tangu siku hizo chuma hicho kimeboreshwa sana, lakini dhihaka ile bado inastahili kwa visu hafifu vinavyouzwa kwa mafungu. Tukikipinda kidogo kwa kidole na kikabaki kimepinda, tukirudishe mahali pake. Kisu kimoja kizuri ni afadhali kuliko vitano vya namna hiyo.

Hata kilicho bora huisha makali, na hapa ndipo wengi wetu hukwama, tukidhani kunoa ni kazi ya wanaume. Sivyo. Tunahitaji kinoo tu, na asiye nacho atumie kitako cha kikombe cha udongo. Kikombe kikigeuzwa juu chini, ile duara isiyo na rangi ya kung'aa hukwaruza kama jiwe. Tukilaze kikombe juu ya kitambaa kilicholowa ili kisitembee. Tuweke bapa la kisu juu yake, kisha tuinue mgongo wa kisu kiasi cha unene wa penseli, tukivute kana kwamba twakata kipande chembamba cha jiwe, tangu shinani hadi nchani. Mara nane au kumi upande mmoja, mara hizo hizo upande wa pili. Tusikandamize. Kisha tukioshe na kukijaribu kwenye nyanya iliyoiva: kikipita bila kuiponda, kazi imekwisha. Dakika tano kila wiki zatosha. Tupa ya fundi tusiitumie kwa kisu chembamba, kwani hula chuma kingi. Na wale vijana wa kunoa kwa gurudumu la baiskeli husaidia sana kisu kilichochakaa kabisa, ila tuwaombe waende taratibu na kukipoza kwa maji. Makali yakigeuka rangi ya samawati, yameungua na hayatadumu.

Sasa matumizi. Tuwatazame wauza machungwa wa mitaani. Huzungusha chungwa, si kisu, na ganda hutoka jembamba, refu, bila kukatika. Kisu kimetulia mkononi, na kidole gumba kimekaa pembeni mwa njia yake. Tukimenya viazi kwa namna hiyo twaondoa ganda tu badala ya kutupa nusu ya kiazi. Penye rangi ya kijani tusibane matumizi. Tukate kwa kina mpaka rangi iishe, maana sehemu hiyo ina sumu. Macho ya kiazi yatolewe kwa ncha.

Wengi wetu hukatia kitunguu mkononi juu ya sufuria, na hatuna ugomvi na mazoea hayo maadamu kisu hakielekezwi kiganjani. Jambo tunaloliogopa hasa ni parachichi. Mtu hulishika kiganjani na kulichoma kokwa kwa ncha ili alitoe; kokwa linateleza, na ncha hupenya kiganja mahali zinapopita kano za vidole. Tutumie kijiko. Muhogo nao ukatwe vipande juu ya ubao kwa kisu kikubwa, kisha ganda lichanwe na kubanduliwa. Ncha ya kisu kidogo ikitumiwa kama mtaimbo itavunjika.

Kisu kikidondoka, turuke nyuma, tusikidake. Tusikiache kimezama kwenye beseni la maji ya sabuni, kwani atakayeingiza mkono kuosha hakioni. Kama hakina ala, kipande cha boksi kilichokunjwa na kushonwa pembeni chatosha.

Na endapo mtu amejikata? Aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha likandamizwe kwa kitambaa safi kwa dakika 10 kamili, mkono ukiwa juu, bila kufunua kila mara kuchungulia. Tusiweke majivu, mafuta ya taa, wala dawa ya meno. Damu isipokoma, au kidole kikishindwa kukunjika, au ncha yake ikiwa na ganzi, twende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kano iliyokatika yaweza kushonwa, lakini haipendi kungojea. Tuulizie na chanjo ya pepopunda, hasa kama kisu kilikuwa kichafu au kama hatukumbuki tulichanjwa lini.

Mwezi ujao, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya ubao wa kukatia, na kwa nini ule wa kuku mbichi usikatiwe kachumbari.