Nyuki Hajui Mpaka wa Shamba



Hivi karibuni tuliletewa shauri ambalo hatukulisomea seminarini. Waamini wawili wa kigango kimoja, kando ya barabara iendayo Makambako, walifika ofisini kwetu wakiwa hawasalimiani. Mmoja ni mzee mwenye mizinga saba. Mwingine ni kijana mwenye ekari mbili za miparachichi. Asubuhi moja yenye jua kijana alipuliza dawa ya wadudu, miti ikiwa imechanua. Kufikia jioni mzee aliwakuta nyuki wake wametapakaa chini ya mizinga, wengine wamekufa, wengine wakizungukazunguka kama walevi.

“Padre, ameniulia mifugo,” alisema mzee.

Kijana akajibu, “Miti ni yangu, dawa ni yangu. Ng’ombe hufungwa kamba. Mbona yeye hafungi nyuki wake?”

Tukiri kosa letu. Siku ile tulitoa jibu jepesi: tulimwambia mzee ahamishe mizinga yake. Hakubisha. Alichukua kofia yake akaondoka, nasi tukabaki na dhamiri isiyotulia. Ndipo tukaanza kuuliza na kusoma, na tuliyoyakuta yametugeuza.

Ua la mparachichi lina tabia ya ajabu. Hufunguka mara mbili kwa muda wa siku mbili. Mara ya kwanza hufunguka likiwa la kike, tayari kupokea chavua. Kisha hujifunga, na linapofunguka tena huwa la kiume, likitoa chavua yake. Hass, parachichi lililojaza vilima vya Njombe, hufunguka kama ua la kike asubuhi na kama la kiume alasiri ya siku inayofuata. Fuerte hufanya kinyume chake: kike alasiri, kiume asubuhi. Kwa hiyo asubuhi ile ile ambayo Hass inangoja chavua, Fuerte inaitoa. Lakini ni nani ataichukua na kuivusha kutoka mti hadi mti? Chavua ya parachichi ni nzito tena inanata. Upepo hausaidii sana. Ni kazi ya wadudu, na nyuki ndiye mbeba mizigo mkuu. Mti hutoa maua kwa maelfu kwa maelfu, na huenda hata ua moja katika elfu moja lisifikie kuwa tunda. Basi mkulima anayepuliza sumu maua yakiwa wazi anawaua vibarua wake mwenyewe, tena vibarua wasiodai ujira.

Na ni vibarua wa namna gani! Nyuki mtenda kazi hukamilika katika siku 21 tangu yai litagwe, na wakati wa kazi nyingi huishi majuma sita hivi tu. Siku zake za kwanza husafisha vyumba, hulisha watoto, hujenga masega, hulinda mlango. Siku za mwisho ndipo hutoka kutafuta maua, hata mabawa yake yachakae. Asali yote aitengenezayo maishani haijazi kijiko cha chai, ni kama sehemu moja ya kumi na mbili ya kijiko hicho. Arudipo na habari ya maua mengi, huwachezea wenzake juu ya sega ngoma inayowaelekeza upande na umbali. Karl von Frisch, aliyeifumbua lugha hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Malkia, tunayedhani ndiye anayetawala, hatoki nje ila kwa nadra. Kazi yake ni kutaga, hata mayai 1,500 kwa siku.

Kanisa halikungoja wataalamu ili limheshimu mdudu huyu. Katika Mbiu ya Pasaka, usiku ule mtakatifu, kazi ya nyuki hutajwa mbele ya mshumaa. (Kwamba mishumaa mingi tunayoiwasha siku hizi ni ya mafuta yatokayo ardhini, hilo ni aibu yetu ndogo ya sakristia.) Yoshua bin Sira anatukumbusha kwamba nyuki ni mdogo miongoni mwa virukao, ilhali mazao yake ni matamu kuliko yote. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato si’ ya mwaka 2015, alionya juu ya wadudu wenye faida kwa kilimo wanaotoweka kwa sababu ya sumu za mashambani.

Hatusemi kwamba dawa zote ni dhambi. Mkulima ana watoto wa kusomesha, na parachichi limejenga nyumba nyingi za bati katika parokia hii. Tunasema kwamba “shamba ni langu” si hoja ya Mkristo pale sumu inapovuka mpaka. Maua yakiwa wazi, dawa ingoje. Ikiwa hapana budi, ipulizwe jua linapozama nyuki wakiwa wamerudi, kwa kufuata maandishi ya kwenye chupa, na jirani aambiwe mapema. Hata hivyo ziko sumu zinazobaki juu ya ua siku kadhaa, na hizo hazifai kabisa. Tuache pia kupanda misindano kila penye nafasi, kwa maana haina utomvu wa kumlisha nyuki. Na wale warina asali wanaochoma mzinga mzima kwa mwenge, wakiua wenyeji wote kwa ajili ya debe moja, wasituletee asali hiyo kama zaka.

Tulimfuata mzee nyumbani kwake, tukamwomba radhi. Jumapili iliyofuata, baada ya Misa ya kwanza, wawili hao waliketi chini ya mkaratusi ulio nyuma ya kanisa. Kijana amekubali kupeleka habari kila anapokusudia kupuliza, na ameomba mizinga miwili iwekwe ukingoni mwa shamba lake. Mzee amesema atafikiri. Katika mizinga yake saba, mitatu ingali mitupu, naye huipaka nta kila juma, akingoja kundi lipite.