Nyoka Hatulizwi kwa Dawa

Mtu akionekana Kasongo au Kabambare, mkoani Maniema huko Kongo, amejivika nyoka shingoni na hajaumwa, maelezo huwa tayari: huyo ana dawa. Amechanjwa, au amerithi kwa babu yake, au mnyama mwenyewe amelishwa kitu kikamlegeza. Wanaosema hivyo si watu wa kudharauliwa. Wanakutana na nyoka shambani, mtoni na kwenye mashimo ya dhahabu mara nyingi kuliko wale wanaowacheka. Lakini katika hili wamekosea, na kosa lenyewe linaua.

Linaua kwa sababu dawa haibagui nyoka. Aliyeamini kwamba chanjo ndiyo iliyomlinda alipomshika chatu leo, kesho atamnyooshea swila mkono uleule. Maniema hii hii, mwaka 1964, iliwaona vijana wa uasi wa Simba wakienda vitani wakiwa wameambiwa kwamba dawa itageuza risasi kuwa maji. Risasi hazikugeuka.

Imani hiyo ina ndugu zake mbali. Usukumani, kusini mwa Ziwa Viktoria, Wayeye wamejulikana tangu zamani kwa kucheza na nyoka, na Hans Cory, aliyeandika habari za chama chao mwaka 1946, alieleza juu ya dawa zao za siri. Chatu akizungushwa uwanjani, watazamaji huisifu dawa. Kinachosahaulika ni kwamba chatu hana sumu, na kwamba mnyama anayebebwa mara kwa mara na mikono isiyomuumiza huchoka kupigana nayo.

Siri ni hiyo tu. Nyoka mwoga hang'ati kwa chuki. Anang'ata kwa sababu kinachomshukia ghafla kutoka juu, porini, kwa kawaida ni kucha za tai. Anayemwinamia na kumbana kichwa amejifanya tai. Mfugaji anayejua kazi yake humwacha nyoka mgeni yapata juma zima bila kumgusa, ndani ya sanduku lenye mahali pa kujificha, na husubiri mpaka ale. Akishakula, hapaswi kushikwa kwa siku mbili hivi, maana nyoka anayesumbuliwa tumbo likiwa limejaa hutapika. Kisha mazoezi huanza kwa dakika chache: mkono uliooshwa, kwa kuwa mkono unaonuka panya kwake ni panya, unaingia polepole kutoka ubavuni na kuubeba mwili wote bila kuukaza. Shingo ikijikunja kama herufi S, au pumzi zikienda mbio, anarudishwa alikotoka mpaka siku nyingine. Baada ya majuma kadhaa wengi hutulia. Hakuna mzizi uliochimbwa wala jina la babu lililotajwa.

Hata hivyo, asishangilie upesi yule asiyeamini waganga. Wako wafugaji, hasa Ulaya na Marekani, wanaoapa kwamba nyoka wao anawapenda. Hiyo nayo ni imani ya dawa, ila imevaa suti. Alichojifunza nyoka ni jambo moja finyu, kwamba mkono huu haujamdhuru, na anaweza kulisahau kwa harufu moja au mshtuko mmoja. Mjerumani Robert Mertens, bingwa wa elimu ya reptilia mjini Frankfurt, alifuga nyoka wa miti wa jenasi ya Thelotornis, ambaye jamaa zake wamo katika misitu ya Kongo. Mwaka 1975 nyoka huyo wa nyumbani alimng'ata, naye akafa baada ya siku 18.

Utulivu wenyewe unaweza kuwa mtego. Bitis gabonica, yule kifutu mnene wa msituni mwenye rangi za majani makavu, ni mpole kiasi kwamba C.J.P. Ionides, mkamata nyoka mashuhuri wa Tanganyika, alikuwa akimgusa kichwani kwa koleo, na akiona hakasiriki, akamwinua kwa mikono. Meno ya mpole huyo hufikia sentimita 5. Ionides alikuwa na ujuzi wa miaka mingi, na bado aliumwa na nyoka mara kadhaa maishani mwake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Wengi wao huchelewa kufika hospitali kwa sababu hiyohiyo ya dawa: jeraha linabandikwa jiwe jeusi, ambalo kwa kawaida ni mfupa uliochomwa. Jiwe linanata, linanyonya damu kidogo, na sumu iko mbali mwilini ikiendelea na safari yake.

Kwa hiyo anayepita sokoni na nyoka wake aulizwe kabla hajalipwa: huyu ni nyoka gani? Ana sumu au hana? Ikiwa meno yaling'olewa, yaling'olewa lini, maana meno ya nyoka huota upya? Akijibu kwamba ana dawa, watoto wasogezwe nyuma na pesa zibaki mfukoni.