Unamlilia Papa, lakini soja wa ploti yenu anaitwa nani?

Tangu Jumamosi, Julai 18, 2020, simu yako haikupumzika. Kila ulipofungua WhatsApp ilikuwa sura ile ile: mashavu mapana, sare ya soja, jicho la mtu anayejua uongo wake uko karibu kugunduliwa. Charles Bukeko, Papa Shirandula wetu, alikuwa ametuacha. Jumatatu alizikwa kwao Busia, upesi upesi na kwa masharti ya korona, bila ule umati ambao mwaka mwingine wowote ungejaza barabara. Mimi na wewe tulibaki kumlilia kwa bando.

Rambirambi za wiki ile karibu zote zilisema jambo moja: alitufanya tucheke. Ni kweli. Lakini hebu twende hatua moja mbele. Alitufanya tumcheke nani?

Kama ulikuwa darasa la tatu mwaka wa 2007, kipindi cha Papa Shirandula kilipoanza Citizen TV, mwaka wa 2020 ulikuwa chuoni, ama ulikuwa umemaliza na unazungusha barua za kuomba kazi mjini. Kipindi hicho kimekulea. Runinga ilikuwa moja sebuleni, rimoti iko kwa mzee, na kipindi kikianza hata yule baba asiyecheka nyumbani alikuwa anacheka. Wazazi wetu walikuwa na Vitimbi na Vioja Mahakamani, na Mzee Ojwang', yaani Benson Wanjau, aliyetuaga Julai 2015. Sisi tukawa na Papa, Wilbroda, Njoro, Otoyo na Awinja. Taja jina moja kati ya hayo mbele ya mtu wa rika lako uone: anatabasamu kabla hujamaliza sentensi.

Sasa kumbuka mzizi wa kichekesho chenyewe. Papa ni soja. Mkewe hajui. Asubuhi jamaa anatoka nyumbani na suti kama mtu wa ofisi, akifika kazini anavua suti na kuvaa sare. Jioni anageuza. Ni hivyo tu. Visingizio vyote, kona zote, jasho lote, vinatoka hapo.

Tulicheka kwa sababu njia ya mwongo ni fupi na tulijua ataumbuka. Lakini angalia vizuri alichokuwa akificha. Hakuwa mwizi. Hakuwa na genge. Alikuwa anaficha kazi halali, kazi inayolisha nyumba ile ile anayoidanganya. Tulichokuwa tukicheka ni aibu yake, na aibu hiyo Papa hakuizua mwenyewe. Alifunzwa na mtaa. Alifunzwa na mimi na wewe, tunaouliza mtu "unafanya kazi wapi?" kabla ya kumuuliza jina, kisha jibu likija tunaamua kama atapewa kiti.

Basi niambie, suti yako wewe iko wapi?

Usiseme huna. Ni ile picha uliyopiga ukiegemea gari la watu pale maegesho. Ni ule ukurasa wa Instagram ulioandika kwamba wewe ni mkurugenzi mkuu, na kampuni yenyewe ni wewe na laini moja ya simu. Ni kumwambia beshte "niko kwa mkutano" na uko ndani ya matatu umekumbatia mzigo wa mitumba kutoka Gikomba. Ni kumpigia mamako kijijini ukimwambia ofisini ni sawa tu, na ofisi ni pikipiki.

Na mwaka wa 2020 suti ziliongezeka. Baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa Machi 13, mahoteli mengi yalifungwa, baa zilifungwa, na walimu wengi wa shule za kibinafsi walikaa nyumbani bila mshahara. Kulikuwa na vijana mtaani waliotoka kejani saa moja asubuhi wakiwa wamechomekea shati vizuri, ili keateka na majirani wasijue kwamba kazi iliisha Aprili. Walikaa Jeevanjee, wakachezea simu, wakarudi kabla ya kafyu. Wengine waliuza mayai ya kuchemsha, lakini katika mtaa wa mbali kabisa na kwao, wasije wakakutana na mtu waliyesoma naye. Huyo ni Papa Shirandula mtupu. Tofauti ni kwamba hakuna mtu aliyecheka.

Ukiwa mmoja wao, sikutanii. Najua kwa nini unafanya hivyo. Mji huu unamheshimu mtu kwa viatu vyake. Lakini piga hesabu uone aibu hiyo inakugharimu nini. Biashara inayofichwa haipati wateja. Ukiwakimbia watu uliosoma nao, umewakimbia wateja wako wa kwanza. Mpenzi wako akidanganywa kuhusu kipato chako, atapanga maisha kwa mshahara ambao haupo, na utajikuta unalipa kodi ya suti kwa pesa ya sare. Na siku mambo yakiharibika kabisa, hutakuwa na wa kumwambia, kwa sababu kila mtu anaamini uko sawa. Watu wangapi walizama hivi mwaka huo, huku marafiki wao wakiendelea kuwasifu mtandaoni kwa picha za mwaka uliotangulia?

Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya alichotuachia marehemu. Sehemu ya pili iko getini.

Katika filamu nyingi soja anaonekana sekunde mbili. Anafungua geti, gari la bosi linapita, hadithi inamfuata bosi. Bukeko alikataa kumfuata bosi. Alibaki pale pale getini, akampa soja kipindi kizima, mke, majirani, wasiwasi na ndoto. Awinja naye, yule msichana wa kazi aliyeigizwa na Jacky Vike, hakuletwa amimine chai na kupotea jikoni. Nchi nzima ilimpenda. Hebu fikiria Kenya ilivyo, halafu fikiria nyumba ambamo aliyeajiri na aliyeajiriwa walikaa mbele ya runinga moja, wakimcheka na kumshangilia mtu mmoja, na mtu huyo ni yule wa getini.

Kuna wanaosema vipindi vya aina hii vilidhalilisha watu. Kwamba soja sharti awe Mluhya, kwamba lafudhi ndiyo mzaha, na kwamba mtoto kutoka Magharibi akifungua mdomo darasani hapa Nairobi anabandikwa jina la Papa. Hoja hiyo ina uzito na haifai kuzikwa pamoja na marehemu. Vichekesho vyetu vimeegemea lafudhi kwa miaka mingi, kiasi kwamba mtunzi mvivu anaona akishavuruga matamshi kidogo kazi imekwisha. Lakini lafudhi peke yake haiwezi kukaa hewani zaidi ya miaka kumi. Watu wangechoka msimu wa kwanza. Kilichokaa ni yule mwanamume mwenye heshima zake, anayehangaika aonekane mkubwa mbele ya mke anayempenda. Hilo halina kabila. Liko Kisumu, liko Nyeri, liko Likoni. Pia kuna tofauti kati ya kumcheka mtu ukiwa juu ya ukuta na kumcheka ukiwa umekaa naye kwa benchi. Bukeko, mwana wa Busia, alikuwa amekaa kwa benchi.

Sasa zima runinga utazame nje.

Tangu Machi 2020, soja ndiye aliyekutana na korona kwa niaba yako. Ndiye aliyekuelekezea kipimajoto kwenye paji la uso ulipoingia supamaketi. Ndiye aliyekumiminia sanitaiza. Ndiye aliyekuambia barakoa ipande hadi puani, nawe ukamjibu vibaya kama vile amekutukana. Kafyu ya saa tatu ilipoanza, wewe ulifunga mlango, yeye alivuta kiti chake cha plastiki karibu na geti. Serikali ilisema tufanyie kazi nyumbani. Kazi yake yeye ilikuwa nyumbani kwako, nje ya mlango, kwenye baridi ile ya Julai.

Na wewe unamwitaje? "Soja." Umeishi hapo miaka miwili. Yeye anajua jina lako, anajua nambari ya nyumba yako, anajua unarudi saa ngapi Ijumaa na uko katika hali gani. Anajua mgeni yupi wa kumruhusu na yupi wa kumwambia haupo. Ameshakudanganyia watu mara ngapi, bila kulipwa? Lakini leo ukiambiwa umtaje kwa jina, utashika kichwa.

Halafu kuna mambo ya pesa, ambayo hatupendi kuyasema. Sheria ya Kenya inaweka kima cha chini cha mshahara wa mlinzi wa usiku. Kama jengo lenu linamlipa, kaeni kama wapangaji muulizane kama anakipata. Kwenye ploti nyingi watu wanachanga kila mwezi, na kila mwezi kuna wale wanaosema "nitatuma kesho". Ile mia mbili unayosahau kwa wiki tatu, kwake ni unga. Huwezi kuweka picha ya Papa na mshumaa ilhali Papa wa geti lako anakudai.

Kuna jambo moja zaidi, na hili linawahusu nyinyi mnaojirekodi na simu chumbani mkitafuta watazamaji. Nyumbani mmeambiwa muache mzaha mtafute kazi. Kwa Bukeko mzaha ulikuwa kazi. Alianzia jukwaani, akaingia runinga, na lile tangazo la Coca-Cola la "Brrr" likaifikisha sura yake hata nchi nyingine za Afrika. Alivaa sare ya soja kwa miaka kumi na mitatu, akalisha familia nayo na kufungulia njia waigizaji ambao leo unawafuata. Msemo unasema mcheza kwao hutuzwa, lakini sisi tumezoea kumtuza mcheza kwetu kwa mchango wa bili ya hospitali na maneno matamu ya matanga. Mwaka wa 2020, majukwaa yalipofungwa, msanii unayempenda huenda naye alikuwa na suti ya kujifichia. Kama amekuchekesha, acha kuchukua video yake na kuiweka kwenye ukurasa wako kama yako. Tazama kwake. Lipa anapouza. Mpe jina lake akiwa bado analisikia.

Wazazi wetu walipenda kusema kazi ni kazi, bora mkono uende kinywani. Tuliukariri msemo huo shuleni, tukauandika kwenye insha, kisha tukakua tukaanza kuchagua ni mkono gani unaruhusiwa kuonekana. Papa Shirandula alitushika hapo hapo, kila wiki, na sisi tukadhani anamcheka mtu mwingine.

Kwa hivyo, ukishaweka picha yake, fanya mambo mawili. La kwanza, teremka hadi getini umuulize soja jina lake. Usimuulize ukipita, simama. Muulize zamu inaisha saa ngapi. Kesho yake mwite kwa jina hilo. Ukilisahau, uliza tena, hatakasirika.

La pili ni gumu zaidi. Chagua mtu mmoja, mzazi ama beshte ama yule unayelala naye nyumba moja, umwambie kazi unayofanya sasa hivi. Usiipambe. Kama ni mayai, sema mayai. Kama ni mjengo, sema mjengo. Kama hakuna, sema hakuna. Unaogopa atakucheka, na pengine atakucheka kidogo. Lakini kuna uwezekano mkubwa kwamba naye ana sare yake ndani ya mkoba, na amekuwa akingoja mtu atangulie.

Bukeko aliubeba uongo ule mbele ya kamera kwa miaka hiyo yote, na angalau alikuwa analipwa kuubeba. Mimi na wewe tunaubeba bure.

Zamu yako imeisha, mzee. Pumzika.