Dawa Iliyosifiwa kwa Usalama Wake
Mwezi wa Oktoba 1957 ilianza kuuzwa katika Ujerumani Magharibi, bila ya cheti cha tabibu, dawa ya usingizi iitwayo Contergan, yaani thalidomaidi, ikasifiwa kuwa salama kabisa, na waja wazito wakaimeza kutuliza kichefuchefu. Haikuondolewa madukani ila Novemba 1961, baada ya Daktari Widukind Lenz wa Hamburg kutoa indhari. Na watoto zaidi ya 10,000 ulimwenguni walidhurika, wengi wakizaliwa na mikono au miguu mifupi mno. Marekani ilisalimika, kwa sehemu kubwa, kwa ukaidi wa Bibi Frances Kelsey, mkaguzi wa serikali aliyekataa kuiidhinisha pasipo ushahidi wa kutosha; nami nauhusudu ukaidi huo kuliko adabu nyingi za maofisini.

Leo valproeti, dawa ya kifafa ijulikanayo kudhuru uti wa mgongo na akili ya kijusi, ingali ikitumiwa na wanawake wa umri wa kuzaa. Simshauri mgonjwa aiache ghafla, maana kuanguka kifafa nako ni hatari kwake na kwa mwanawe. Bali nadai kwamba muuza dawa asitoe kidonge kabla ya kumwuliza mwanamke, kwa faragha na staha, kama ana mimba au anaitarajia.