Draivu ya Disketi: Kwenye Kasha la Nyumbani au Mezani kwa Ofisi?

Msomaji wetu mmoja wa Wete, Pemba, ametuuliza swali ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana dogo. Kijana wake amevuka bahari kuja Dar es Salaam kununua vipuri vya kompyuta ili akaiunge mwenyewe nyumbani. Katika duka moja la Kariakoo ameshauriwa asisahau draivu ya disketi, kwa kuwa, aliambiwa, kompyuta isiyo na draivu hiyo si kompyuta kamili. Mzee anataka kujua: je, fedha hizo zitolewe au zisitolewe? Na anaongeza, kama jambo la pembeni, kwamba anazo disketi tatu za hesabu za msikiti na za shamba la wakfu, ambazo hajazifungua tangu mwaka 2001.

Swali la kwanza tutalijibu upesi. Hilo la pembeni ndilo lililotufanya tuandike maoni haya, na ndilo tunalotaka wahusika serikalini wakae nalo kidogo.

Anayepita katika mitaa ya Aggrey, Narung'ombe na Kongo, au akateremka hadi Samora na Jamhuri, atawakuta vijana wengi wa namna ya huyu. Wameandika orodha yao kwenye karatasi: kasha, ubao mkuu ambao mafundi huuita madabodi, kumbukumbu, pawasaplai, feni. Wanazunguka duka hadi duka wakilinganisha bei, na jioni wanafunga mzigo kwa kamba kuusubirisha boti ya asubuhi. Sisi tunawapenda vijana hawa. Mtu aliyeunga kompyuta yake kwa mikono anajua kilichomo ndani, na ikiharibika haanzi kwa kulia. Kwa sababu hiyo hiyo hatupendi wauziwe kitu kisichofaa.

Draivu ya disketi ndani ya kompyuta mpya ya nyumbani haifai. Bao kuu zinazouzwa leo hazina tena tundu la pini 34 ambalo waya mpana wa draivu hiyo ulichomekwa, na makasha mengi hayana hata nafasi ya kuipachika. Kijana akiinunua, atafika Wete na kipande cha chuma kisicho na pa kuungwa. Hata akipata ubao wa zamani wenye tundu hilo, waya ule mpana hukaa katikati ya kasha na kuzuia hewa, jambo ambalo mtu wa pwani hana haja nalo. Na atahifadhi nini humo? Disketi ya inchi 3.5 iliyoenea kuliko zote ina pande mbili, kila upande njia 80, kila njia vipande 18, na kila kipande baiti 512. Msomaji akizidisha atapata baiti 1,474,560. Picha moja ya simu ya siku hizi aghalabu haiingii. Flashi ndogo ya gigabaiti 32, ambayo huning'inizwa pamoja na funguo za nyumba, inabeba mzigo wa disketi zaidi ya 21,000.

Wenye viwanda walikwisha kuliona hilo zamani. Kampuni ya Apple ilitoa kompyuta yake ya iMac mwaka 1998 bila draivu hiyo, watu wakashangaa, kisha wakazoea. Sony, ambayo ndiyo iliyoileta disketi ya inchi 3.5 duniani mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliacha kuiuza Japani mwaka 2011. Kwa hiyo draivu inayoitwa mpya katika duka la leo, ama imekaa stoo miaka mingi, ama imetolewa katika kompyuta kuukuu ikapanguswa vumbi. Hatusemi kwamba kila mwuzaji ni mdanganyifu. Wengine nao wameuziwa hivyo hivyo. Lakini mnunuzi na ajue.

Kuna wanaotetea draivu hiyo kwa hoja ya kwamba ndiyo iliyokuwa ikiiwasha kompyuta pale diski kuu ilipogoma, na ndiyo iliyotakiwa wakati wa kuweka programu mpya. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli mpaka miaka ya mwanzo ya karne hii. Leo kazi hizo zote hufanywa na flashi. Kilichobaki cha enzi ile ni herufi tu: diski kuu ya kompyuta zenye Windows huitwa C mpaka leo, kwa sababu A na B zilitengewa disketi, na hakuna aliyethubutu kuwarithi marehemu. Tusisahau pia kwamba disketi ndiyo iliyotuletea virusi vya kompyuta. Kile kilichoitwa Brain, kilichotungwa Lahore, Pakistan, mwaka 1986, kilisafiri dunia nzima ndani ya disketi, mfukoni mwa watu waungwana wasiojua wamebeba nini.

Basi kwa swali la kwanza jibu letu ni hapana. Na tukiishia hapo tutakuwa tumemsaidia mzee wetu kuokoa nauli moja ya boti, tukamwacha na disketi zake tatu.

Ili kuelewa uzito wa disketi hizo tatu yafaa kukumbuka jinsi kompyuta zilivyoingia nchini. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mradi wa kuweka hesabu zake katika mashine hizo kwenda mrama, na wakati fedha za kigeni zilikuwa adimu. Katazo hilo lililegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980. (Televisheni nayo, ambayo ndugu zetu wa Unguja walikuwa nayo ya rangi tangu miaka ya 1970, Bara haikuanza kurushwa mpaka 1994. Hayo ni mengine.) Matokeo yake ni kwamba ofisi zetu nyingi zilipoanza kuacha taipureta, zilikuta disketi ndiyo iliyotawala. Intaneti ilianza kupatikana katikati ya miaka ya 1990, na ilichukua miaka mingine mingi kufika wilayani. Kwa muda wote huo aliyetaka kupeleka waraka kutoka ofisi moja hadi nyingine, au kutoka Unguja hadi Dar es Salaam, aliutia katika disketi, disketi katika bahasha, na bahasha akampa mtu anayesafiri.

Kwa hiyo kipindi cha takriban miaka ishirini cha maandishi yetu kilipitia katika vibao hivyo vya plastiki. Humo mlipigwa chapa orodha za walipa kodi na za mashamba, mihtasari ya vikao vya halmashauri, matokeo ya mitihani ya shule, hesabu za vyama vya ushirika na za karafuu, rasimu za sheria, tasnifu za wanachuo, na mashairi ya watu ambao baadhi yao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Mengine yalichapwa kwenye karatasi, na karatasi ikahifadhiwa. Mengine hayakuchapwa, au karatasi yake imeliwa na mchwa, na disketi ndiyo nakala pekee iliyobaki. Ipo katika droo, chini ya mihuri ya zamani na kalamu zilizokauka.

Nayo inakufa humo humo droo. Ndani ya disketi kuna duara jembamba la plastiki lililopakwa unga wa sumaku, na maandishi yote ni mpangilio wa sumaku katika unga huo. Kwa miaka mpangilio huo hufifia. Unyevu huotesha ukungu juu ya duara, na ukungu huo ukikwaruzwa na kichwa cha draivu hubandua unga pamoja na maandishi yake, kisha kichwa chenyewe kilichochafuka huharibu disketi inayofuata. Hatudhani kuna haja ya kumweleza mtu wa Pemba, wa Mafia au wa Unguja habari za unyevu. Hewa ya chumvi inayokula mabati haichagui.

Wakubwa wa dunia nao wamechelewa katika jambo hili, hivyo hatulisemi kwa kuona aibu. Jeshi la Marekani liliendelea kutumia disketi kubwa za inchi nane katika mfumo wa mawasiliano ya silaha zake za nyuklia mpaka mwaka 2019. Ndege za Boeing 747-400 zilipata taarifa mpya za njia za angani kwa disketi, kila siku 28. Japani, nchi ya mitambo, ilikuwa na kanuni zaidi ya elfu moja zilizowataka wananchi kupeleka nyaraka serikalini kwa disketi na vyombo vya namna hiyo. Waziri wake wa mambo ya dijitali, Kono Taro, alitangaza vita dhidi ya kanuni hizo mwaka 2022, na ilipofika katikati ya 2024 karibu zote zilikuwa zimefutwa. Ila wale walikuwa na mashine za kusomea mpaka siku ya mwisho. Sisi tumeziuza kwa kilo.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wanaosema disketi ni takataka, yamekwisha. Draivu haina mahali katika kompyuta ya kijana wa Wete, lakini ina mahali katika meza ya ofisi ya wilaya. Hatudai kila ofisi ijenge maabara. Ipo draivu ya nje, ndogo kuliko kitabu, inayochomekwa katika tundu la USB la kompyuta yoyote ya leo. Inasoma disketi za inchi 3.5 za kawaida. Moja kwa wilaya inatosha kwa kuanzia, na ikimaliza wilaya moja iende nyingine. Kwa disketi kongwe za inchi tano na robo, zile zilizokuwa zikikunjika, draivu hiyo haisaidii; hizo zahitaji kompyuta ya zamani yenye tundu la pini 34 na draivu yake halisi. Kompyuta kama hiyo mbili au tatu, moja katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa huku Bara na moja katika Nyaraka za Taifa kule Kilimani, Unguja, zingeweza kuhudumia nchi nzima. Vipuri vyake bado vimo katika marundo ya mafundi wa Kariakoo, wanaovivunja kila siku kutafuta shaba. Anayevitaka avitafute mwaka huu.

Tunaomba pia kazi hii wasiachiwe watu wasioelekezwa, maana hatari kubwa kuliko ukungu ni kidole cha karani. Disketi iliyochoka ikichomekwa, kompyuta mara nyingi hudhani ni tupu, na huuliza kama iifomati. Karani mwenye haraka hubonyeza ndiyo, na miaka kumi ya kumbukumbu inafutika mbele ya macho yake kwa dakika mbili. Kabla ya kuichomeka, kile kilango kidogo cha pembeni na kisukumwe mpaka tundu lionekane wazi, ili kompyuta isiweze kuandika chochote juu yake. Kisha ichukuliwe nakala kamili ya disketi nzima, kipande kwa kipande, ndipo nakala hiyo ifunguliwe na kusomwa. Nyaraka zilizoandikwa kwa programu za zamani kama WordPerfect, Lotus na dBase zisimtishe mtu. Programu ya LibreOffice, isiyouzwa kwa senti moja, hufungua nyingi miongoni mwazo.

Nakala zikipatikana zisiwekwe zote mahali pamoja. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka pale Forodhani, na Julai 2021 moto ukateketeza soko kuu la Kariakoo. Flashi moja katika droo ile ile iliyokuwa na disketi haijabadilisha lolote ila umbo la kitu kitakachopotea.

Tunajua jibu tutakalopewa: bajeti haikulitaja jambo hili. Tunaamini. Lakini bei ya draivu ya nje haifiki ya kiti cha mkurugenzi, na sehemu kubwa ya kazi ni ya kutafuta tu, yaani kufungua droo, kuhesabu disketi zilizomo, kusoma vibandiko vyake na kuandika orodha. Orodha hiyo haihitaji umeme. Ofisi ambayo leo haiwezi kusema ina disketi ngapi na za mwaka gani, kesho haitaweza kusema imepoteza nini. Wastaafu waliokuwa makarani katika miaka hiyo bado wapo Magomeni, Ilala, Michenzani na Chake Chake, na wanakumbuka waraka upi uliwekwa wapi. Watu hao hawatakuwapo daima, na hakuna draivu inayosoma kumbukumbu zao.

Sasa tumrudie mzee wetu. Kompyuta ya kijana na iungwe bila draivu ya disketi, na fedha hizo aongeze feni ya pili. Zile disketi tatu azifunge katika bahasha kavu, asiziweke karibu na spika ya redio kwa kuwa ina sumaku, wala asimruhusu mtu kuzijaribu katika mashine ya kuazima kabla ya kufungua vile vilango vya pembeni. Kisha awaulize watu wa Nyaraka kule Kilimani kama wanayo ya kuzisomea. Wakimjibu kwamba hawana, tunamwomba atuandikie tena, nasi tutaliuliza swali hilo katika safu hii kwa niaba yake.